Namna ya Kulinda Haki Zako Unapofanya Kazi katika Kampuni Changa Nchini Kenya

Tangu kituo cha iHub kifunguliwe kwenye barabara ya Ngong jijini Nairobi mwaka 2010, miaka mitatu baada ya M-Pesa kuanza kutumika, vijana wengi wa Kenya wamepata ajira yao ya kwanza katika kampuni changa za teknolojia: za mikopo ya simu, za usafirishaji wa mizigo, za pembejeo za wakulima, za kusambaza bidhaa madukani. Kampuni hizo zimewafunza mambo ambayo vyuo havikuwafunza, na zimewakabidhi majukumu makubwa wakiwa na umri mdogo. Zimewaumiza wengi pia. Mshahara hucheleweshwa kwa maelezo kwamba fedha za wawekezaji ziko njiani. Mfanyakazi hukaripiwa mbele ya wenzake na kuambiwa kwamba hiyo ndiyo kasi inayotakiwa. Mama hurudi kutoka likizo ya uzazi akakuta kazi yake imepewa mtu mwingine. Na anayelalamika huambiwa kwamba hana moyo wa kampuni.

Katika kampuni nyingi za aina hii, mwanzilishi ndiye meneja mkuu, ndiye anayeajiri na kufuta, na mara nyingi ndiye mwenye sauti kubwa zaidi katika bodi. Hakuna ngazi ya kukata rufaa. Jambo la pili, ambalo ndilo ninalotaka lizingatiwe zaidi katika mwongozo huu, ni kwamba kampuni changa huendeshwa kwa mdomo. Cheo hutolewa kwenye simu, nyongeza ya mshahara huahidiwa kwenye chakula cha mchana, na onyo hutolewa kwenye kikao kisicho na kumbukumbu. Siku mambo yanapoharibika, kila upande hukumbuka kwa namna inayoufaa. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na haki za kazi hupotea vivyo hivyo.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 haikuziwekea kampuni changa kifungu cha kuzisamehe. Haki za msingi zilizomo zinamlinda mfanyakazi wa kampuni yenye watu watatu kama zinavyomlinda wa benki yenye watu elfu tatu, na kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kutendewa kwa uadilifu kazini. Kwa hiyo, mtu anapokuambia kwamba “hapa hatuna mambo ya kiofisi”, elewa kwamba anazungumzia mazoea ya kampuni yake tu.

Kabla ya kutia saini

Mkataba wowote wa kazi ya miezi mitatu au zaidi unapaswa kuwa wa maandishi, na wajibu wa kuuandika ni wa mwajiri. Ndani ya miezi miwili tangu uanze kazi, unapaswa kuwa umepewa maelezo yanayoonyesha cheo chako, mahali pa kazi, mshahara na jinsi unavyokokotolewa, saa za kazi, likizo, na muda wa notisi. Wengi huogopa kuomba mkataba wasije wakaonekana wasumbufu. Omba, na uombe kwa barua pepe. Hata wasipokupa, ombi lako linabaki kuwa ushahidi, na sheria inasema wazi kwamba mwajiri akishindwa kutoa mkataba wa maandishi mahakamani, yeye ndiye atakayebeba mzigo wa kuthibitisha au kukanusha masharti unayodai kuwa mlikubaliana.

Jihadhari na mkataba unaokuita “mshauri” au “mkandarasi huru” ilhali unatakiwa kufika ofisini saa mbili asubuhi, unatumia kompyuta ya kampuni, unaomba ruhusa ya kwenda hospitalini na unaripoti kwa meneja mmoja kila siku. Dalili ya wazi huonekana kwenye malipo: badala ya kukatwa kodi ya mapato ya mfanyakazi, yaani PAYE, unakatwa asilimia 5 ya kodi ya zuio, ile inayokatwa kwenye malipo ya washauri, na hakuna mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, unaowekwa kwa jina lako. Mwajiri huokoa fedha kwa njia hiyo, na hujipa imani kwamba anaweza kukuondoa bila utaratibu. Mahakama haifungwi na jina lililoandikwa juu ya karatasi. Huangalia ni nani anayeamua kazi ifanywe vipi na lini, vifaa ni vya nani, na kama kazi hiyo ni sehemu ya shughuli za kila siku za kampuni. Weka basi ushahidi wa mambo hayo tangu mwezi wa kwanza: ratiba za vikao, ujumbe wa kukupangia zamu, majibu ya maombi yako ya ruhusa.

Muda wa majaribio haupaswi kuzidi miezi sita, na unaweza kuongezwa kwa miezi mingine isiyozidi sita iwapo tu umekubali. Kampuni nyingi changa huwaacha watu “kwenye majaribio” kwa mwaka na nusu bila barua yoyote. Miezi sita ikitimia na hujapata barua ya kuthibitishwa kazini, andika uulize. Notisi katika kipindi hicho ni siku 7 au malipo ya siku hizo. Kwa miaka mingi waajiri waliamini kwamba aliye kwenye majaribio hana haki ya kusikilizwa kabla ya kuachishwa kazi, lakini mwaka 2021 Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Leba iliamua kwamba kumnyima haki hiyo ni kinyume cha Katiba.

Suala la hisa linahitaji utulivu, kwa kuwa hapa ndipo vijana wengi hukubali mshahara mdogo kwa matumaini makubwa. Mara nyingi unachopewa si hisa zenyewe bali haki ya kuzinunua baadaye kwa bei iliyopangwa leo. Kwa kawaida haki hiyo hukomaa kidogo kidogo kwa miaka minne, na ukiondoka kabla ya mwaka wa kwanza kumalizika hupati chochote. Mikataba mingi pia hukupa siku 90 tu baada ya kuondoka za kununua hisa zilizokomaa, kwa fedha zako mwenyewe. Uliza mambo haya kwa maandishi: kampuni ina hisa ngapi kwa jumla, zako ni ngapi, bei ya kununulia ni kiasi gani, kama bodi imepitisha azimio la kukupa, na nini kitatokea ukifukuzwa. Kuambiwa “utapata asilimia moja” bila hati hakukupi kitu cha kushika. Ushauri wangu ni kwamba ujadili mshahara wako kana kwamba hisa hizo hazipo, kisha uzihesabu kuwa ni nyongeza zikija.

Kila mwisho wa mwezi

Mwajiri anapaswa kukupa stakabadhi ya mshahara inayotaja jumla ya mshahara, kila kato kwa jina lake, na kiasi unachobakiwa nacho. Ihifadhi nje ya kompyuta ya kampuni. Kwa sasa makato ya kisheria ni PAYE, NSSF, asilimia 2.75 ya bima ya afya ya SHIF iliyochukua nafasi ya NHIF tangu Oktoba 2024, na asilimia 1.5 ya ada ya nyumba za bei nafuu ambayo mwajiri naye huilipia kiasi kama hicho. Makato yote kwa pamoja hayaruhusiwi kuzidi theluthi mbili ya mshahara wako.

Kuona kato kwenye stakabadhi hakutoshi kukuhakikishia kwamba fedha zimefika zinakopaswa kufika. Kampuni inapoanza kuishiwa, mara nyingi makato ya wafanyakazi ndiyo fedha za kwanza kuguswa, kwa sababu hakuna anayeuliza. Ingia kwenye akaunti yako ya NSSF kila baada ya miezi michache uangalie michango. Angalia hali ya bima yako ya afya kabla hujaugua. Fomu ya P9 unayopewa kila mwaka, inayoonyesha mshahara wako na kodi uliyokatwa, ilinganishe na kumbukumbu zako zilizoko kwenye mfumo wa Mamlaka ya Ushuru. Ukikuta miezi haipo, iulize idara ya fedha kwa barua pepe, ukitaja miezi yenyewe. Kumkata mfanyakazi na kutowasilisha fedha hizo ni kosa kisheria, na ni dalili ya kuaminika zaidi kuliko tetesi zozote kwamba kampuni iko taabani.

Kuhusu mshahara uliochelewa, usikubali kupunguziwa au kuahirishiwa kwa kunyamaza. Hebu tuchukue kikao cha aina inayojulikana sana: wafanyakazi wote wameitwa kwenye Google Meet, mwanzilishi ameeleza kwa huzuni kwamba mwekezaji amechelewa, amewashukuru kwa uvumilivu, na simu imekatika kabla ya mtu kuuliza swali. Saa moja baadaye, mtumie msimamizi wako na idara ya fedha ujumbe kama huu:

“Asante kwa maelezo ya leo asubuhi. Nimeelewa kwamba nusu ya mshahara wangu wa Machi italipwa tarehe 31 Machi, na nusu iliyobaki tarehe 20 Aprili, na kwamba mshahara wangu haujapunguzwa. Iwapo nimeelewa vibaya, naomba nisahihishwe kwa maandishi.”

Ujumbe huo hauna ukali wowote, wala hauhitaji wakili kuuandika. Umetaja kiasi, tarehe na msimamo wako kwamba kinachosalia ni deni. Msimamizi wako asipojibu, kimya chake kitakuwa upande wako. Akijibu kwamba mshahara umepunguzwa, umejua mapema, na unaweza kukataa kwa maandishi, kwa kuwa mshahara ni sharti la mkataba na haubadilishwi na upande mmoja peke yake. Utumie mtindo huohuo kila mara jambo lolote zito linaposemwa kwa mdomo, iwe ni ahadi ya cheo, lawama juu ya kazi yako, au agizo la kufanya kazi siku ya mapumziko.

Saa za kazi, likizo na ugonjwa

Una haki ya siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, siku 21 za kazi za likizo yenye malipo kila baada ya miezi 12, miezi mitatu ya likizo ya uzazi kwa mama na wiki mbili kwa baba, zote kwa mshahara kamili. Ukishafanya kazi kwa miezi miwili mfululizo, ukiugua na kuleta cheti cha daktari unastahili angalau siku 7 za mshahara kamili na nyingine 7 za nusu mshahara kwa mwaka. Amri ya jumla ya mishahara inaweka wiki ya kazi kuwa saa 52 zilizogawanywa kwa siku sita, na saa za ziada hulipwa mara moja na nusu, au mara mbili zikiwa za siku ya mapumziko au sikukuu.

Kampuni zinazojigamba kwamba zina “likizo isiyo na kikomo” mara nyingi ndizo ambazo watu wake hawapumziki kabisa. Omba siku zako 21 kwa tarehe, na utunze ombi na jibu. Likizo uliyonyimwa ni fedha utakazodai ukiondoka, ikiwa unaweza kuonyesha kwamba uliiomba.

Matusi, vitisho na usumbufu wa kingono

Ukali wa bosi unaweza kuwa tabia mbaya tu, na unaweza kuwa uvunjaji wa sheria. Ubaguzi kwa misingi ya jinsia, kabila, ujauzito, ulemavu au hali ya virusi vya ukimwi umekatazwa, na wanaofanya kazi yenye thamani sawa wanapaswa kulipwa sawa. Usumbufu wa kingono una kifungu chake katika Sheria ya Ajira: ahadi ya kupandishwa cheo kwa sharti la ngono, kitisho cha kunyimwa kazi, maneno na picha za kingono, kuguswa usikotaka. Mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi lazima awe na sera ya maandishi kuhusu jambo hilo, baada ya kushauriana na wafanyakazi. Ikiwa anayekusumbua ana mamlaka juu yako, Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 nayo inahusika, na unaweza kupiga ripoti polisi.

Andika kila tukio siku hiyohiyo, wakati kumbukumbu ingali safi: tarehe, saa, mahali, maneno yaliyosemwa kama yalivyosemwa bila kuyalainisha, na nani aliyekuwapo. Piga picha za skrini za ujumbe wa WhatsApp na Slack zikionyesha jina na tarehe. Mwambie mtu mmoja unayemwamini, kwa sababu ushahidi wa mtu uliyemweleza wakati uleule una uzito. Ukimwona daktari au mshauri kwa sababu ya msongo, tunza karatasi zake.

Kisha peleka malalamiko kwa maandishi, ukijua jambo hili: afisa wa wafanyakazi ameajiriwa na kampuni na kazi yake ni kuilinda kampuni. Wapo waadilifu wengi kati yao, lakini usimfanye mmoja wao kuwa tegemeo lako la pekee. Mhandisi Susan Fowler alipoeleza hadharani Februari 2017 yale yaliyompata katika kampuni ya Uber, alisimulia kwamba alipeleka picha za skrini za ujumbe wa meneja wake kwa idara ya wafanyakazi tangu mwanzo, na akaambiwa kwamba lilikuwa kosa la kwanza la mtu huyo. Baadaye aligundua kwamba wanawake wengine walikuwa wameambiwa maneno hayohayo. Juni mwaka huo mwanzilishi Travis Kalanick alijiuzulu uongozi wa kampuni. Kuna funzo la kivitendo hapo kwa wafanyakazi wa Nairobi: zungumzeni ninyi kwa ninyi, kwa faragha na kwa uangalifu. Malalamiko ya watu wanne yaliyotiwa saini pamoja na kupelekwa kwa bodi na kwa mwakilishi wa wawekezaji ni magumu kuyafukia. Mwajiri haruhusiwi kukufuta kazi kwa sababu umelalamika au umemshtaki, isipokuwa ithibitike kwamba malalamiko hayana msingi wowote na yametolewa bila uwajibikaji.

Ukipata barua ya kujieleza

Barua hiyo inapokufikia, usijibu kwa hasira na usijibu siku hiyohiyo. Omba muda wa kutosha, na omba nyaraka wanazozitegemea: takwimu za utendaji, malalamiko ya mteja, chochote kile. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira kinasema kwamba kabla ya kukuachisha kazi kwa sababu ya utovu wa nidhamu, utendaji duni au afya, mwajiri lazima akueleze sababu hizo kwa lugha unayoielewa, mbele ya mfanyakazi mwenzako au mwakilishi uliyemchagua mwenyewe, na asikilize mtakayoyasema. Nenda na mwenzako huyo. Mwombe aandike kila kinachosemwa, na baada ya kikao tuma muhtasari wenu kwa wote waliohudhuria. Kikao cha dakika kumi ambacho barua ya kufutwa tayari imechapwa mezani hakikidhi sheria, na mahakama zimewatia waajiri hatiani kwa hilo mara nyingi.

Ikiwa kosa wanalodai ni utendaji duni, swali lako kuu liwe hili: ni lini niliambiwa viwango vilivyotarajiwa, ni lini nilionywa, na nilipewa muda gani wa kujirekebisha? Katika kampuni changa malengo hubadilika kila robo mwaka, wakati mwingine kila mwezi. Mzigo wa kuthibitisha sababu ya kukuachisha uko juu ya mwajiri.

Kupunguzwa kazini, na kulazimishwa kujiuzulu

Njia inayotumiwa vibaya zaidi ni ile ya “kupanga upya kampuni”. Ninaijua sura yake: mwaliko wa kikao cha dakika kumi na tano unaingia kwenye kalenda usiku, asubuhi mtu anaambiwa kwamba nafasi yake haipo tena, na kabla hajamaliza kuuliza swali barua pepe yake imefungwa. Wiki tatu baadaye nafasi ileile inatangazwa kwa jina jingine.

Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira kinataka hatua zisizorukwa. Wewe mwenyewe, au chama chako ikiwa ni mwanachama, pamoja na afisa wa leba, mnapaswa kuarifiwa kwa maandishi si chini ya mwezi mmoja kabla, na kuelezwa sababu na ukubwa wa upunguzaji huo. Wanaoondolewa wachaguliwe kwa kuzingatia muda wa utumishi, ujuzi, uwezo na uaminifu wa kazi. Ulipwe likizo zilizobaki, mwezi mmoja wa notisi au fedha badala yake, na malipo ya kuachishwa kazi yasiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika. Tuseme mshahara wako ni shilingi 120,000 na umemaliza miaka mitatu. Ukigawanya kwa siku 30 unapata 4,000 kwa siku. Siku 15 ni 60,000. Kwa miaka mitatu ni 180,000, juu ya notisi na likizo. Fanya hesabu hiyo kabla ya kikao, maana mara nyingi utaletewa karatasi yenye kiasi kidogo na sentensi inayosema kwamba umelipwa yote na hutadai chochote tena. Usiitie saini siku hiyo. Mahakama huweza kuiheshimu karatasi ya namna hiyo ikiwa uliitia saini kwa hiari na kwa kuelewa, kwa hiyo ichukue, iangalie na wakili, ndipo ujibu.

Wengine hawafutwi, wanabanwa hadi waondoke wenyewe. Wananyang'anywa kazi zao moja moja, wanaachwa nje ya vikao, wanashushwa mshahara. Mwaka 2015 Mahakama ya Rufaa ilithibitisha kwamba mfanyakazi anayejiuzulu kwa sababu mwajiri amevunja msingi wa mkataba anaweza kuhesabiwa kuwa ameachishwa kazi. Dai hili ni gumu na linategemea maandishi kuliko mengine yote. Ni lazima uwe umelalamika kabla, barua yako ya kujiuzulu itaje waziwazi matendo yaliyokulazimisha, na usikae miezi mingi baada ya matendo hayo kana kwamba umeyakubali. Barua ya kujiuzulu inayosema “nashukuru kwa nafasi mliyonipa, nimeamua kutafuta changamoto mpya” huliua dai lako, hata kama uliiandika kwa adabu tu.

Kudai haki

Muda ndio unaowashinda watu wengi. Malalamiko ya kuachishwa kazi isivyo haki hupelekwa kwa afisa wa leba ndani ya miezi mitatu tangu kuachishwa, na huduma hiyo hailipiwi. Makao makuu ya Wizara ya Leba yako kwenye jengo la NSSF, barabara ya Bishops, na kuna ofisi katika kaunti. Kesi mahakamani hufunguliwa ndani ya miaka mitatu. Ikiwa mshahara wako haukuzidi shilingi 80,000 kwa mwezi, kesi inaweza kusikilizwa na hakimu aliyeteuliwa, jambo linalopunguza gharama. Zaidi ya hapo huenda kwenye Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Leba. Fidia ya kuachishwa isivyo haki inaweza kufikia mishahara ya miezi 12, lakini huo ndio upeo, na wengi hupewa chini yake. Kituo cha Sheria, FIDA Kenya kwa wanawake, na Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria huwasaidia wasioweza kulipa wakili.

Kabla hujafika huko, andika barua ya madai yenye kiasi kamili cha kila kipengele na muda wa kujibu. Omba pia cheti cha utumishi, ambacho mwajiri hana ruhusa ya kukunyima hata kama mmeachana vibaya. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 unaweza kuomba nakala ya taarifa zako binafsi walizonazo, yakiwemo maelezo ya tathmini yako, na wakikataa unalalamika kwa Kamishna wa Data.

Usitishwe na maneno kwamba kampuni imesajiliwa Delaware, jimbo la Marekani, au London na kwa hiyo huwezi kuishtaki hapa. Kampuni nyingi changa za Nairobi zimesajiliwa nje kwa ajili ya wawekezaji, lakini kazi imefanyika Kenya. Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ilikubali kwamba mahakama za Kenya zina mamlaka ya kusikiliza kesi dhidi ya Meta iliyofunguliwa na waliokuwa wakichuja maudhui yake kutoka Nairobi, ingawa mwajiri wao kwenye karatasi alikuwa mwingine.

Tahadhari mbili nazitilia mkazo. Hifadhi nyaraka zinazokuhusu wewe: mkataba, stakabadhi, barua, tathmini, ujumbe ulioandikiwa. Usichukue orodha ya wateja, msimbo wa programu wala hesabu za kampuni, kwa maana utampa mwajiri kesi dhidi yako chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2018, na madai yako yatasahaulika. Na usianze kwa kuandika kwenye mtandao wa X. Kisa cha hadharani kinaweza kuleta mabadiliko, lakini kila sentensi usiyoweza kuithibitisha inaweza kukuletea kesi ya kuchafua jina. Peleka malalamiko rasmi kwanza.

Kampuni inapofilisika

Mei 2024 Copia Global, kampuni ya Kenya iliyokuwa imekusanya zaidi ya dola milioni 100, iliwapa wafanyakazi wake zaidi ya 1,000 notisi kwamba huenda wakapunguzwa, na katika mwezi huohuo ikawekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi. Mwajiri akifikia hatua hiyo, anayeamua malipo ni msimamizi, si mwanzilishi tena, na ahadi alizokupa mwanzilishi kwenye simu hazimfungi. Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015 inaipa kipaumbele mishahara ya miezi minne ya mwisho, kwa kiwango kisichozidi shilingi 200,000 kwa kila mfanyakazi. Kinachozidi hapo kinaingia kwenye foleni ya wadai wengine wa kawaida. Mtafute msimamizi huyo mara tu jina lake linapotangazwa, umpelekee fomu ya kuthibitisha deni pamoja na mkataba wako, stakabadhi za miezi hiyo, na ule ujumbe ulioandika kuhusu mshahara uliochelewa, ukadai risiti ya kupokelewa.